Koti Jeusi Kwenye Mkanda wa Harusi

Chumba cha Cherehani,
Ghorofa ya Pili, Ngazi za Nyuma.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kipusa,

Pokea salamu zangu, ziwe nyingi kuliko vifungo vilivyomo kwenye kopo langu. Hujambo huko? Mgongo je, bado unakusumbua ukisimama muda mrefu kazini? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Mama naye ni mzima, magoti tu ndiyo yanayomsumbua akipanda ngazi, ila mdomo wake haujapungua nguvu hata kidogo. Kila asubuhi ananiuliza kama umeandika, utadhani mimi ninayempikia na kumfulia sina lolote la kumwambia.

Ndiyo, nimeanza na kijicho mapema. Bora ujue tangu hapa juu, maana barua yote imejaa.

Barua yako kuhusu mikanda ya kamera ya Baba niliipata. Ni kweli, tangu afariki lile kopo la biskuti lenye negativu zake zote limekaa tu juu ya kabati langu, na ni kweli zisipoingizwa kwenye kompyuta zitaharibika. Ukanishauri nitafute skana ya aina ile nyembamba, inayomeza mkanda upande mmoja na kuutoa upande wa pili. Halafu ukasema nikishindwa, nikutumie kopo lote huko kwako. Nilipofika hapo niliikunja barua nikaiweka chini ya pasi.

Kipusa, albamu ya kijani uliondoka nayo wewe. Ukiwa na miaka mitatu umekalia kigoda, ukiwa na sita umeshika ua, ukiwa na kumi umeegemea baiskeli ambayo ilikuwa yangu. Mimi humo nimo kwenye picha nne, na mbili kati ya hizo nimekubeba wewe. Sasa na negativu pia unazitaka? Roho iliniuma, nisikufiche.

Isitoshe, kwenye kopo lile nilikuwa na mkanda mmoja tu ninaoutafuta, na unaujua. Harusi yangu aliipiga Baba mwenyewe kwa kamera yake, picha thelathini na sita, na wiki iliyofuata akaniambia mkanda umeungua, mwanga umeingia. Miaka ishirini na tisa nimekaa na jibu hilo. Na marehemu mume wangu ulimjua, hakupenda kupigwa picha hata kidogo, akiona kamera anajificha nyuma ya maredio yake pale dukani. Alipofariki nilibaki na ile ya kitambulisho, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, kakodoa macho kama mtu aliyekamatwa. Mjukuu wangu anauliza babu alikuwa anachekaje, nami sina cha kumwonyesha.

Basi nikateremsha kopo. Chini kabisa nikakuta bahasha yenye mwandiko wa Baba: "Harusi ya mkubwa. Mbovu." Ndani vipande sita, vyeusi tii. Kumbe hakuvitupa.

Hapa chini yetu kuna fundi kompyuta, kijana mpole anayeniita mama kwa sababu namrekebishia suruali. Tulianza na simu, tukaweka negativu juu ya kioo chenye taa, hatukupata kitu. Kisha akaniletea kijisanduku kidogo, unasukuma mkanda na papo hapo kinapiga picha. Tukakijaribu kwa mikanda mingine, na nani atokee wa kwanza? Wewe, meno yote nje. Kuweka wa harusi, kikatoa weupe mtupu. Akaja na ile ya mezani yenye taa kwenye kifuniko. Hiyo niliipenda, imetanda vizuri kama meza ya kukatia nguo, na inachukua vipande vinne kwa mara moja. Hapo kikaonekana kivuli, cha mtu au cha kabati, hatukujua.

Fundi akainua kipande dirishani, akakigeuza geuza, akasema, "Mama, huu mkanda ni mzito mno, taa hizi haziupenyi. Unahitaji ile inayomeza."

Ile ile uliyosema wewe! Jamani, hata taa ya skana uijue wewe, na uko huko mbali, na mikanda iko kwangu! Nilikataa siku tatu nzima, nikasema ya mezani inatosha. Siku ya nne nikajikaza, nikamtuma akaiazime kwa rafiki yake mpiga picha za pasipoti.

Inanguruma kama cherehani isiyotiwa mafuta, na kila picha ni dakika kadhaa. Ya kwanza kutoka ni mimi, na gauni langu, nimekaa kwenye meza ya kutia saini. Na juu ya kifua changu kuna sanduku. Sanduku lako, Kipusa, lile la kufungwa kwa mkanda wa ngozi. Ya pili, mkono wangu unatokea kwenye mlango wa basi. Ya tano, wewe mzima mzima, umesimama mlangoni kwetu, katikati yangu na mume wangu. Nilipiga kelele mpaka Mama akadhani nimeungua na pasi.

Utakumbuka Baba alivyokuwa. Mkanda ukiisha anaurudisha ndani ya kasha lake lakini anaacha mkia nje, na ule mkia anaukunja pembe ili ajue umeshatumika. Hakuwahi kusahau. Mimi niliolewa Jumamosi, wewe ukasafiri Jumanne, na wiki hiyo hakukunja. Alipotaka kukupiga picha za kukuaga akatia mkono mfukoni, akatoa mkanda wa harusi yangu akidhani ni mpya, akakupiga wewe juu yangu. Halafu akatudanganya wote wawili. Nakumbuka barua yako ya kwanza, ulivyolalamika kwamba hukutumiwa hata picha moja ya siku uliyoondoka. Niliisoma nikafurahi. Naam, nilifurahi, kwamba angalau siku moja hukupigwa picha.

Nilimwambia fundi, "Mtoe huyu. Mfute kabisa, nibaki na mume wangu." Akakaa kwenye ile ya tano, akakufuta bega, akafuta kidogo na kifua, kisha akaacha. Akanigeuzia kompyuta. "Mama, nikimtoa huyu, na mzee anaondoka."

Akanionyesha, nikaelewa. Ukuta wa ukumbini ulikuwa mweupe, na ukuta wa kwetu mweupe. Mwanga umeangukia juu ya mwanga, kote kumekuwa ukungu mtupu. Palipopona ni pale tu penye giza, na cheusi kuliko vyote ni koti lako. Uso wa mume wangu umeangukia kifuani kwa koti lako, upande wa kushoto. Na anacheka, Kipusa. Anacheka na lile pengo la pembeni alilokuwa akilifunika kwa mkono maisha yake yote. Hata kovu la kidevuni lipo.

Unakumbuka nani alilishona koti lile? Wiki ya harusi yangu Baba alileta kile kitambaa kizito, kizuri kuliko vyote vilivyowahi kuingia nyumba yetu, akasema unakwenda kwenye baridi. Nilikitamani hata cha sketi. Pindo la gauni langu lilikuwa halijaisha, nikaliweka kando nikashona koti lako, kwenye cherehani hii hii ninayoandikia juu yake. Nilishona nikiwa na kinyongo, na nilishona vizuri ili asitokee mtu wa kunisema. Miaka ishirini na tisa nimelionea wivu koti lile. Kila ulipoandika kwamba huko kuna baridi, nilikuwa nawaza, basi si una koti.

Na jambo lingine. Katika picha ya tisa ni wewe ndiye uliyepona, uso wako umeangukia kwenye suti nyeusi ya mume wangu. Unalia. Mimi sikuja kukuaga, nilisema bibi harusi hatoki nje mapema, na moyoni nilidhani uliondoka ukicheka.

Mama nilimwonyesha ile ya tano. Akavaa miwani, akaitazama mpaka chai yake ikapoa. Akasema, "Hii ndiyo wiki mliyoondoka wote wawili." Kisha akataka isafishwe kubwa, aiweke karibu na kitanda chake. Kwenye albamu yako ya kijani hajawahi kusema hivyo, nakuarifu tu.

Kwa hiyo uamuzi ni huu. Skana nitakayonunua ni ile inayomeza mkanda. Ulikuwa sahihi, lisome neno hilo mara moja na usilirudie mbele ya watu. Kopo linabaki kwangu. Picha nitakutumia zote, na hakuna hata moja utakamofutwa.

Nisalimie shemeji yangu, na wale pacha wako, hasa yule unayesema ana ukaidi wangu. Mama anakusalimu, na shangazi wa ng'ambo ya barabara anauliza lini unakuja. Mungu akulinde, akuponye mgongo, atukutanishe Mama angali na macho ya kutuona.

Na kama lile koti bado unalo, usimpe mtu. Nitumie. Sitalivaa, halitanitosha. Nataka tu kuweka mkono pale kifuani, upande wa kushoto.

Wako akupendaye, kijicho na vyote,

Dada yako mkubwa.