Bomba Lililofungwa Kambu

Mwaitu, mama yangu,

Habari za huko Tulia? Huku Kambu joto linachoma hata kivulini, lakini mjukuu wako Mumo anacheza, na tumbo lake limetulia. Maji uliyotufungia yaliisha kabla ya semina ya akina mama kwisha, na hapa hosteli ya kanisa wanakunywa maji yaliyotumika kuogea na kufulia, yakishasafishwa. Nilikataa kabisa. Mtoto aliyehara mpaka akalazwa, nimpe maji ya nepi?

Jana asubuhi tulikuta bomba limefungwa. Mwende, msichana anayeangalia mtambo wa kusafisha maji, alisema maji yamepita kwenye mchanga, makaa na vichujio vyote, lakini kipimo bado kimekataa. Pasta akaja na chupa yake.

"Mwende, nifungulie kidogo, nahubiri sasa hivi."

"Hubiri pole pole, pasta. Hayafunguliwi."

Tulicheka, naye akangoja na sisi kwenye jua. Mwende alirudisha maji yote yakachujwa upya, akapima tena, ndipo akafungua, na wa kwanza kunywa akawa yeye. Hapo nikatoa kikombe cha Mumo. Mtu anayeweza kumnyima pasta maji hawezi kumpa mtoto wangu uchafu.

Mumo alimaliza kikombe akaitisha kingine, na usiku nililala kama mtu asiye na mtoto. Mungu ambariki huyo msichana, na wewe pia kwa kukesha na sisi hospitalini.

Nakupenda, mwaitu, lakini hayo maji ya mtoni uyachemshe, hata ukiyaona ni safi. Nimesema.

Binti yako,
Kalekye