Jicho Linalosubiri Lenzi

Masasi,
Jumatano jioni.

Kwa kaka yangu Haji,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Mnyambe, wewe na shemeji Mwanakombo na wajukuu wote, na ule mgongo uwe umekuachia ulale. Mimi mwili hauna neno, ila roho haijatulia hata kidogo. Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yako, kaka, unaiweka spika, nyumba nzima inasikia hadi jirani. Nimeandika herufi kubwa makusudi ili jicho lako zima lizifuate. Tafadhali usimpe mtu akusomee.

Habari za jicho langu ulizipata nusunusu. Nilipasuliwa kwenye ile kambi ya macho, na aliyenishika mkono kunipeleka ni mkwe wangu Faidha, maana mumewe, mwanangu Nurdini, alikuwa shambani anapuliza salfa kwenye mikorosho. Nilichomwa ganzi, maumivu sikuyasikia, lakini masikio hayakufa ganzi. Mwanzoni daktari alikuwa akipiga soga na nesi juu ya bei ya korosho. Ghafla akanyamaza. Kisha akasema mboni inajifunga, akaomba dawa ya kuifungua, akaomba tena. Halafu akaomba kifaa fulani, na nesi akajibu kwamba hakikupakiwa. Lo! Kulala chali umefunikwa uso, unasikia kitu hakikupakiwa, Mungu akuepushe. Nilisoma kila sura niliyofundishwa chuoni, nyingine nikazichanganya.

Baadaye daktari alinieleza. Mtoto wa jicho alimtoa, ila ile nyama yenye rangi inayozunguka mboni ilikuwa imelegea, inacheza kama kitambaa kilicholowa, ikawa inamziba, na kifuko kinachobeba lenzi kikachanika. Lenzi ya kawaida haina pa kukaa tena. Akaona heri anifunge bila lenzi kuliko kulazimisha. Sasa imeletwa lenzi maalumu kutoka Dar es Salaam, ya kushikizwa kwa uzi kwenye ukuta wa jicho, na kesho asubuhi narudi mezani. Amesema wazi kwamba hanipi ahadi. Kwa jicho hili naona mwanga na vivuli tu, na lile la pili nalo limeanza ukungu. Jana nimelisalimia koti lililotundikwa mlangoni nikidhani ni Nurdini. Watoto walicheka hadi wakagaragara. Nilicheka nao, kisha nikaenda chooni nikalia.

Sasa nije kwenye simu yako ya juzi. Ulisema, na wote wakasikia, kwamba Faidha ndiye aliyeniharibu jicho, kwamba alinitia matone kwa mikono ya jikoni, na kwamba Nurdini amrudishe kwao Chilangala hadi tujue moja. Faidha alikuwa palepale anapepeta mchele. Akaendelea kupepeta. Jioni nikasikia anakunja nguo zake, na Nurdini hakumzuia.

Kaka, si Faidha. Ni mimi. Siku ya kuandikishwa nesi aliniuliza natumia dawa gani, na Faidha amesimama begani kwangu. Wewe unanijua. Nitatamkaje mbele ya mkwe kwamba nina vidonge vya kunisaidia kukojoa? Nikasema situmii kitu, hata panadoli. Na ni vilevile ulivyonigawia wewe, tukakubaliana tusimwambie mtu. Baada ya upasuaji daktari akauliza tena, akasema dawa za mkojo za namna hiyo ndizo hulegeza ile nyama ya jicho, na angejua mapema angejiandaa. Faidha bado kanishika mkono. Nikakana mara ya pili.

Jana usiku nilimwita nimtake radhi. Akanitangulia. Akasema, ameinamisha uso, kwamba vidonge alikuwa akivikuta mfukoni kila akifua, anavitoa, kisha anavirudisha. Mbele ya nesi alijua nadanganya, akanyamaza nisiaibike. Na maneno yako akayameza kwa sababu hiyohiyo. Wallahi nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Leo asubuhi tumekwenda kwa daktari. Faidha akataka kutoka nje, nikamwambia abaki. Nimesema yote mbele yake. Daktari amenigombeza, nilistahili, kisha akaandika, akasema kesho ataingia amejiandaa.

Wewe wiki ijayo unapasuliwa Newala, na atakayekushika mkono ni mkwe wako Abdulrazaki. Vidonge unavyo. Usijidanganye kwamba ukiviacha leo basi yameisha. Daktari anasema hata aliyeacha zamani lazima aseme. Sema, kaka. Hata Abdulrazaki akiwa amesimama hapo, sema. Na wale wote uliowaambia habari za Faidha, waambie sasa kwamba hana kosa, kabla Nurdini hajafuata amri yako akafanya jambo la kujutia.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia. Barua hii naituma na basi la alfajiri; ikikufikia tu mniombee dua, naogopa sana. Faidha amepita hapa kunipa chai, hajui nimeandika nini. Amesikia ni barua yako, akaniomba nisisahau kumwandikia: shikamoo, baba mkubwa.

Ni mimi mdogo wako,
Swalehe