Vipimo vya Binti Yangu

Mdogo wangu,

Chakula unachoniachia mlangoni nakipata, ingawa husimami hata dakika mbili unijulie hali. Leo ni siku ya tisini na nne tangu daktari anifungie ndani kwa kifua kikuu, nawe ukamchukua binti yangu.

Nilikununia, sikufichi. Cherehani nilijifunza peke yangu, na sijazoea kulelewa mtoto na mtu mwingine. Wateja walipokimbia nilikata mapazia, nikayaunga na mabaki ya vitambaa, nikambunia gauni la vipande kumi na tisa, kwa rangi ambazo zamani ningezicheka, nikakuachia mlangoni umpelekee. Futi ya kupimia sikuishika, maana mwili wa mwanangu naujua kwa kichwa.

Jana ulilirudisha na kikaratasi: "Dada, halimpiti mabegani. Usininunie tena, mtoto anakula."

Nililia, kisha nikacheka kidogo. Ameongezeka, labda inchi mbili, nisione, na ni kwa chakula chako. Ahsante, mdogo wangu.

Nimelifumua lote. Niandikie vipimo vyake, hata vya shingo. Daktari ameongeza siku sitini, na sitaki kumshonea mtoto wa kichwani mwangu, ambaye hayupo tena.

Dada yako,
fundi wa ndani