Mota ya Boti ya Mama

Urazaki, Shimane
27 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Yasutaka,

Habari za huko Londrina? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Celina na watoto. Mgongo wako je, umepata nafuu? Mimi sijambo, ila magoti hunisumbua kila mvua inapokaribia. Joto la mwaka huu limegoma kuondoka, na nyenze wanalia mchana kutwa mpaka masikio yanawasha.

Ningekupigia simu, lakini saa ambazo ninyi huko mko macho, Baba huwa hapa nyumbani, na nikishika simu tu huja kusimama mlangoni. Ninayotaka kukuambia yanamhusu yeye.

Nilikusimulia mwaka jana kuhusu Bon, siku zile za kuwakaribisha wafu na kuwasindikiza, ya kwanza tangu Mama atutoke. Tuliisukuma boti ya majani ya mpunga imrudishe kwa wenzake, ikafika katikati ya ghuba, ikageuka, ikarudi taratibu mpaka kwenye ngazi za mawe ambapo Mama alikuwa akioshea soya. Na upepo ulikuwa unavuma kwenda baharini. Jirani yetu Bibi Fusae, ambaye ulimi wake haujui kufungwa, alisema wazee walikwisha kutuonya: boti ikirudi, imerudi kuchukua mtu. Baba alimsikia.

Wakati wa baridi akavunja yale masanduku ya mbao aliyokuwa akigandishia tofu ya soya, akaunda boti yenye urefu wa mkono wangu. Nilifurahi, maana tangu msiba hakuwa ameshika hata nyundo. Alisema mwaka huu Mama hataachiwa upepo. Boti yake itakuwa na mota.

Nikampeleka mjini kwa Bwana Moriwaki, yule anayeuza boti na ndege za kuchezea. Baba alichagua mota ndogo kuliko zote, kwa sababu ilizunguka kwa kasi ikalia kama nyuki. Moriwaki akamshauri vizuri tu, kwamba kasi si nguvu: boti nzito yenye rafadha pana ya kusukuma maji yataka mota nene, ya mwendo wa pole, la sivyo itaungua. Baba hakusikia la mtu. Tulipoijaribu kwenye bafu, boti ilitetemeka, maji yakachafuka, kisha nyumba nzima ikanuka waya ulioungua. Harufu ile ilikaa kwenye mataulo kwa muda mrefu.

Tukarudi dukani. Safari hii Moriwaki alimuuliza kila kitu: uzito wa boti, ataiendesha bwawani au baharini, betri idumu kwa muda gani. Akamtolea na rimoti. Baba akaisukuma pembeni, akasema haihitaji, kwa kuwa boti hairudi.

“Mzee Eikichi,” Moriwaki akamtania, “hapo unatafuta boti, au unatafuta njia ya kutoroka?”

Mimi nilicheka. Baba hakucheka. Waliafikiana juu ya mota nene, tukaagiza, nikadhani yamekwisha.

Mwezi wa saba Moriwaki akanipigia simu nikiwa kazini. Sauti yake haikuwa na utani. Alisema Baba amekwenda dukani peke yake, kwa basi, kuuliza swali moja.

“Dada Kinuyo, ameniuliza ni mota gani inaweza kumvuta mtu aliyelala juu ya maji.”

Nilikaa chini palepale, ghalani, juu ya gunia. Moriwaki akaongeza kwamba jambo hilo lawezekana: chombo kidogo chenye rafadha inayofaa huweza kuvuta gogo polepole, mradi gogo lielee. Tulijadiliana afanye nini. Akikataa kumuuzia, atakwenda duka jingine, na huko hatutajua amenunua nini. Mwishowe Moriwaki akaiacha ile tuliyoagiza, akachagua mota itakayoitosha boti yenyewe na mawimbi ya ghuba, basi, isibaki nguvu ya kuvuta kitu kingine. Akaifunga mwenyewe ndani ya boti. Baba akamshukuru kwa kuinamisha kichwa mara nyingi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Asubuhi ya kusindikiza wafu alivaa kimono yake ya harusi. Majirani walidhani ni heshima kwa Mama. Aliweka ndani ya boti mabiringanya, maandazi ya mchele na picha mojawapo ya Mama, akawasha mota, akaiachia. Hapo ndipo nilipoiona kamba. Nyembamba, ya kuvulia, imetoka nyuma ya boti mpaka kwenye kifundo cha mkono wake. Alikuwa ameshashuka ngazi, maji yanamfika kifuani, akajilaza chali kama mtu anayepumzika.

Boti ilikwenda mpaka kamba ikakazika. Ikabaki hapohapo, inachemsha maji, haiendi mbele wala nyuma. Nilijitosa na nguo zangu. Nilipomshika, macho yake yalikuwa wazi yanatazama mbingu, na uso wake haukuwa na hofu hata kidogo.

“Mama yako ameshindwa kunivuta,” akaniambia. “Nimekuwa mzito.”

Nikamwambia, “Baba, inuka. Maji ni ya baridi.” Nikaikata kamba kwa meno. Boti ikachomoka, ikapita miamba, ikapotea, na mpaka leo haijarudi. Bibi Fusae anasema ni heri. Baba alitembea hadi nyumbani bila kushikwa mkono, akala wali bakuli mbili.

Tangu siku hiyo ni mtulivu na mpole, ananiita mwanangu kila wakati. Daktari anasema moyo wake uko imara. Lakini kule nyuma nasikia tena randa inapita kwenye mbao.

Leo alipanda basi asubuhi bila kuniaga. Nikampigia Moriwaki, akasema hajamwona. Amerudi sasa hivi, nikiwa naandika haya, ameleta kifurushi kutoka duka moja la mji wa Izumo, amekiweka mbele ya picha ya Mama na kukipigia makofi mawili, kama mtu anayeomba dua. Nimekinyanyua alipokwenda kuoga. Ni kizito, Yasutaka. Ni kizito sana kwa kitu kidogo namna ile.

Usitume chochote. Njoo wewe. Mimi mikono yangu ni miwili tu, na usingizi nao hunishinda.

Mume wangu Tadao anakusalimu, na shangazi Mineko, na Bibi Fusae pia. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Waliotutangulia wakulinde njiani, na wakae huko waliko.

Mimi dada yako akupendaye na anayekungoja,
Kinuyo