Greda Linalojiendesha

Tura, Jumanne

Dada Minza,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mvua huku imechelewa.

Kazini wameleta greda la kusawazisha barabara linalojiendesha, nami nimepewa kazi ya kulitazama tu. Jana lilikuwa linaelekea kwenye makaburi ya wanakijiji, yaliyofunikwa na nyasi. Nilikimbia nikasimama mbele yake, likasimama hatua mbili tu kutoka niliposimama. Mhandisi alinishukuru sana, kisha akasema, "Masolwa, tuoneshe makaburi yote tuyaingize kwenye ramani yake."

Nikamwonesha. Ningefanyaje, dada, na wale ni wafu wa watu?

Leo greda linayakwepa lenyewe, naye ameniuliza nina ujuzi gani mwingine. Nikamwambia ni miaka kumi na tisa kwenye usukani wa greda, basi.

Mke wangu usimwambie. Yeye anajua bado naendesha.

Mdogo wako,
Masolwa