Saa Moja Niliyoisahau

Jumanne, 8 Oktoba 2019

Kilomita 320 kutoka kisiwani kwetu hadi mji wa Manado. Angani, saa moja na dakika tano. Nimeikariri kama Fatiha.

Leo, mezani pangu pa tiketi, Mama Nurlela, muuza kungumanga, aliitazama tiketi yake, kisha akanitazama mimi. Kuondoka saa moja kamili asubuhi, kufika saa moja na dakika tano.

"Mwanangu, dakika tano? Rubani wenu jini?"

Nikamweleza kwamba saa za Manado ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Akasema basi atarudi amekuwa msichana. Foleni nzima ikacheka.

Mjomba Yance, anayeongea na marubani kwa redio, hakucheka. Alisema ndege ikirudi huku, saa hiyo tunailipa: niiongeze. Uwanja wetu hauna taa. Saa kumi na mbili na robo jioni unafungwa.

Ijumaa, 11 Oktoba — asubuhi

Mama yake Mwalimu Hamdan amefariki alfajiri, hospitalini Manado. Mwalimu amekodi ndege yetu imlete leo leo, azikwe baada ya Isha kando ya mumewe. Hataki mama alale kwenye jokofu la wageni.

Alinililia mezani. Alinifundisha hesabu, darasa la tano. Sikujua nitazame wapi. Nikapanga ratiba upesi: kuondoka Manado saa kumi na nusu, kutua kwetu saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Bibi Rosmala, meneja, akasaini bila kuuliza.

Ijumaa — jioni

Mjomba Yance aliniita saa kumi na moja na dakika kumi. "Manado wamepiga simu. Maiti imepakiwa. Wanaondoka baada ya dakika ishirini, kama ulivyoandika."

Nikatazama saa ya ukutani.

Ile saa moja sikuiongeza. Ndege itatua saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Gizani.

Nilikaa kimya — dakika tatu, labda nne. Nilikuwa nafikiria kazi yangu. Naandika hili ili nisije nikalikana.

Kisha nikamwambia Mjomba. Akauma mdomo. "Kapteni Wenas akishapaa, hatumpati hadi awe karibu. Na mafuta ya kurudi hatakuwa nayo. Piga simu, mtoto. Mimi najaribu redio."

Simu ya Manado inaita. Hawapokei. Wote wako nje, kwenye ndege.

Mwalimu Hamdan akaja dirishani. Imamu anauliza awaite watu saa ngapi. Nikamwambia. Yote. Kwamba mama akilala huko leo, ni kwa hesabu yangu, na kwamba naomba ndege isipae.

Hakunitukana. Aliketi kwenye benchi, kando ya jeneza la msikiti lililoletwa kumpokea mama, akavua kofia.

"Piga tena," akasema.

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika simu. Saa kumi na moja na dakika ishirini na nane. Inaita.