Matofali ya Ukuta wa Skwoshi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bukoba. Tarehe 4 Machi 2025, saa 4:20 asubuhi.
Jina: Immakulata Audax. Umri: miaka 46. Kazi: mkulima. Makazi: Kashozi.

Mimi ni mke wa Audax Kyaruzi, ambaye tangu jana ni marehemu.

Baba mkwe wangu, mzee Kyaruzi, alitunza jengo la klabu ya tenisi na skwoshi hapa mjini tangu ujana wake. Lilijengwa na Waingereza kwa matofali ya kuchoma. Lina baraza pana upande wa ziwa na chumba kirefu cha skwoshi, ndani hakina dirisha wala nguzo, ili mpira ugonge ukuta mtupu. Nguzo zake nne zilikuwa nje, zimeegemea ukuta. Mzee alilisifia mpaka tunachoka. Hata tetemeko la 2016 halikuliangusha.

Alipokuwa anaumwa ugonjwa uliomuua alisema kaburi lake lijengwe kwa matofali ya klabu. Kwetu neno la mgonjwa wa namna hiyo halipuuzwi. Alipofariki, tarehe 20 Februari mimi na mume wangu tulikwenda kwa katibu wa klabu, Bwana Kamugisha. Akasema, "Mzee wetu hawezi kunyimwa. Chukueni zile nguzo za nje, hazibebi bati." Nilisikia kwa masikio yangu. Audax alizibomoa, mimi nikapakia. Tulimzika mzee tarehe 22, kibanjani kwake, kwenye shamba lake la migomba, na kaburi lilipendeza.

Jana saa 3 asubuhi tulikwenda kurudisha funguo za klabu alizokuwa nazo mzee. Usiku kulikuwa na mvua na upepo wa ziwa. Audax akasema, "Ngoja nifagie, nisikabidhi uchafu." Mimi nilibaki barazani. Ukuta wa skwoshi, ule tuliouondolea nguzo, ukaangukia ndani. Niliita, hakuitika. Sijalia bado, watu wananishangaa.

Sasa Bwana Kamugisha anasema mume wangu aliiba matofali. Hilo linaniuma sana. Audax hakuwa mwizi. Aliomba, akapewa.

Afande ameniambia matofali hayo ni kielelezo cha kesi. Yako juu ya baba mkwe, Kashozi nzima inajua. Njooni myachukue, sitawazuia. Ila mje kesho, maana keshokutwa tunamlaza Audax kando yake. Wachimbaji wameniuliza kaburi lake lijengwe kwa kitu gani. Nimewaambia udongo unatosha.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza.

Sahihi: Immakulata Audax

Maelezo yamesomwa kwa shahidi, amekiri ni sahihi. Ameomba neno "akapewa" lipigiwe mstari. Limepigiwa.
Sajenti Joyness